Mashine ya Wazamiaji Kisimani Kawajense

Haya nitakayowaandikia hamtayaamini, na wala sitamlaumu mtu. Nilikuwepo mwenyewe, kamba nimeishika kwa mikono yangu hii, lakini kuna asubuhi naamka inabidi niwaulize majirani kama kweli yalitokea. Wananijibu ndiyo, Enoka, yalitokea, ila si hivyo unavyoyasimulia wewe. Waacheni. Wivu huo.

Habari yenyewe ni ya Specioza, mtoto wa dada yangu, fundi wa visima wa Kawajense, hapa Mpanda. Ndiyo, mwanamke. Marehemu baba yake alikuwa Mfipa aliyeingia Mpanda na sururu begani, akachimba visima hadi uzee ukamtoa shimoni. Watoto wake wa kiume hawakupenda udongo. Specioza ndiye aliyeupenda. Mzee alipofariki, watu wakaja kuulizia kama sururu inauzwa, wakaambiwa mwenyewe ameshuka nayo, wamsubiri apande.

Mimi ndiye mshika kamba wake. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kamba mimi ni profesa. Udongo niliouvuta kwa ndoo kutoka visima vya mji huu, tungeurundika pamoja, tungepata mlima wa kuitisha milima ya Mwese.

Sasa kiangazi kile kilichotangulia mvua za El Nino, jua lilitukazia sana. Jirani yetu Restituta, ambaye hukaanga dagaa wa kuuza, aliwakusanya akina mama wenzake wakamwomba Specioza awachimbie kisima uani kwake. Tukaanza vizuri. Udongo mwekundu ukaisha, ukaja mweupe, halafu ukaja wenye unyevu, ule ambao fundi akiufinyanga unabaki na alama za vidole. Maji yalikuwa yanabisha hodi.

Hapo ndipo koroboi ilipotuharibia. Specioza hashuki asubuhi yoyote kabla hajatanguliza koroboi kwa kamba. Ikifika chini inawaka, na yeye anashuka. Asubuhi ile ilikaribia chini ikazimika. Tukaivuta, tukaiwasha, ikazimika palepale. Hewa ya chini imekufa. Tulitikisa matawi mle ndani, tulimwaga maji, tulishusha mwavuli tukawa tunaufungua na kuufunga kama popo mgonjwa. Koroboi ikasema hapana.

Maneno yakaanza mtaani. Wapo waliosema shimo lina mwenyewe. Fundi mmoja wa Shanwe akaja kutamba kwamba kazi hii inataka mwanaume. Specioza akampa ncha ya kamba, na mara ile ile yule bwana akakumbuka kuwa ana msiba Ugalla. Akina mama nao walichoka, wakamwambia alifukie tu, akatafute pengine. Kwa fundi, hilo ni sawa na kumwambia aende akauze sabuni. Nani angemwita tena?

Nilimkuta ameketi ukingoni, donge la ule udongo wa mwisho liko mkononi, bado lina ubaridi.

"Mjomba, maji yapo hapa chini," aliniambia. "Sururu ninayo, nguvu ninazo. Ninachokosa ni pumzi tu."

Dawa ya pumzi niliipata mimi, msije mkasahau. Niliipata stesheni, nikiwa nimeenda kuwatazama watu wanaosafiri. Palikuwa na bwana mmoja anaitwa Telesfori, mtu wa Karema, anasubiri treni na ameshachoka kuisubiri. Akanisimulia kwamba aliwahi kuwa mtunza stoo wa Mzungu aliyekuja Ziwa Tanganyika kukamata samaki wadogo wa rangi rangi, wapelekwe Ulaya wakae kwenye kioo wakitazamwa. Nilicheka nikashika ubavu. Samaki wa kutazama. Basi yule Mzungu alishikwa na malaria kabla hajalowa hata soksi, akaondoka, na badala ya mshahara akamwachia Telesfori kreti la mbao. Ndani yake kuna kompresa, mashine ya kushindilia hewa kwenye mtungi. Mtungi nao umo: anaubeba mzamiaji mgongoni, anashuka nao ndani ya maji, anapumua huko huko. Ni ya zamani, maana stoo imekaa miaka, lakini hakuna aliyewahi kuiwasha.

Nikaacha kucheka. Treni ilipokuja, Telesfori alipanda na ahadi yangu mfukoni: akisharudi Karema, tutamfuata.

Specioza alikuwa na mitamba wawili, malipo ya kisima alichochimba Ugalla kwa Malale, mfugaji wa Kisukuma. Wanyama hao ndio waliokuwa bati za nyumba aliyotaka kujenga, mlango wake na uzee wake. Telesfori alikuwa tayari kubadilishana: yeye mitamba, sisi kreti. Malale, ambaye bado aliwachunga kwenye zizi lake, aliposikia wanyama wazuri namna ile wanakwenda kwa ajili ya mashine ya kuzamia, alimtazama Specioza kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. Akamuuliza, huko Kawajense kuna ziwa gani?

"Lipo, mzee Malale," alisema Specioza. "Bado halijatoka tu."

Tukadandia lori la wafanyabiashara wa dagaa hadi Karema. Kreti lilikuwa nyuma ya magunia, linanuka samaki kwa nje, ila tulipong'oa misumari ikatoka harufu ya mpira mpya. Mashine imelala kwenye nyasi kavu, rangi ya njano, haina mkwaruzo hata mmoja. Telesfori akaisifu kama anayeoza binti: haijaguswa hata na nzi. Akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena kwa hasira, na pale panapoingilia hewa akatoka panya na watoto wake, wakapita katikati ya miguu yetu bila haraka.

"Hao pia ni wapya," alisema Telesfori.

Tukaisafisha kwa petroli, tukavuta kwa zamu hadi mabega yakalia, halafu ikanguruma. Walioanika dagaa ufukweni walikimbia, na dagaa wenyewe, japo walikuwa wakavu, nina hakika walishtuka. Telesfori akatufundisha kama alivyofundishwa na Mzungu: bomba la kunyonya hewa liinuliwe juu, upande upepo unakotoka, lisivute moshi wa injini, na mtungi ujazwe mpaka mshale ufike kwenye alama.

Specioza alisikiliza yote, kisha akasema yeye hanunui kwa kuelezwa. Anataka kushuka nayo. Telesfori akauliza ashuke nayo wapi, na Specioza akanyoosha kidole ziwani.

Kuogelea hajui. Hakujua wakati ule, na hajui mpaka leo. Akafunga kitenge vizuri, akaweka mawe ubavuni ili azame, mtungi mgongoni, mdomo wa mpira kinywani, kamba yangu kiunoni. Alama zetu ni zile zile za kisimani: akivuta mara moja ni mzima, mara mbili apandishwe. Akatembea kuelekea ndani ya ziwa kama anayekwenda sokoni, maji yakamfika kiunoni, mabegani, kisha yakamfunika kichwa.

Mapovu yakatoka. Watu wakajaa. Mimi sikuogopa, nilikaa chini kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na safari. Kweli, nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia dada yangu, lakini hiyo ni desturi ya mtu makini. Mwanamke mmoja akaanza kulia, mwingine akamsaidia, na Telesfori akawa anasogea mbali nami kidogo kidogo. Ndipo kamba ikavutwa. Mara moja. Mzima. Nikawaamuru wale akina mama wanyamaze, wakanitukana.

Alipoamua kupanda, alitoka amekodoa macho, anatema maji na kucheka.

"Mjomba, huko chini kuna samaki wamevaa kukushinda," alisema. Kisha akamgeukia mwenye mashine. "Baba Telesfori, mitamba ni wako."

Tuliporudi Kawajense, mtaa mzima ulihamia uani kwa Restituta. Kazi ya mashine nilijipa mimi. Jua lilikuwa kali, na sikutaka chombo cha gharama kiungue, nikakiweka kwenye kivuli nyuma ya jiko. Bomba nikalielekeza mbali na moshi wa injini, kama nilivyofundishwa. Mshale ukafika kwenye alama. Specioza akashuka na mtungi wake, tukasikia sururu ikilia, watu wakaanza kupongezana.

Kamba ikavutwa mara mbili.

Nilimpandisha mbio. Alitoka anakohoa, macho mekundu, akakaa chini akishika kichwa. Kila mtu alikuwa anaiona wale mitamba wawili wakipotelea Karema, na kisima kikifukiwa, na yule fundi wa Shanwe akirudi kutoka msibani.

"Mjomba," alisema alipopata sauti, "mashine umeiweka wapi?"

Nikamwonyesha. Ukutani kwa jiko palikuwa na dirisha dogo, na bomba langu lilikuwa limeinama pale kama mgeni anayenusa chungu.

"Nimepumua dagaa wa kukaanga tangu nimefika chini," alisema. "Na dada Restituta amezidisha chumvi."

Akina mama walianguka kwa kicheko, wengine wakabebana. Restituta akabisha kwa ukali kwamba chumvi hainuswi, na kwamba nyie wote mnakula dagaa wake kila siku na hamjawahi kulalamika. Lakini akaenda akazima moto mwenyewe, akamwaga maji juu ya kuni, wakati wateja wake wanasubiri na sahani mkononi. Tukaumwaga ule mtungi wa harufu. Tukaihamishia mashine ng'ambo ya uwanja, upande wa upepo, bomba tukalifunga juu ya mti mrefu wa kuanikia. Nilijaza tena, safari hii Restituta amesimama pembeni yangu ananichunga kama mwizi.

Specioza alinawa uso, akaushika mdomo wa mpira, akashuka.

Sururu ikalia, ikalia, ikaendelea kulia. Ndoo ya kwanza ilipanda na udongo wa unyevu. Iliyofuata ilikuwa na tope. Iliyofuata tope lilikuwa jepesi kama uji wa mgonjwa, likanimwagikia miguuni. Halafu sururu ikanyamaza, na watu wakasogea ukingoni, hadi kamba ilipotikisika mara moja nikaivuta ndoo, na ndani yake palikuwa na maji. Machafu, lakini maji. Restituta alitia mkono ndani ya ndoo, akajipaka usoni, na vigelegele vikapigwa hadi mbwa wa mtaa wa pili wakajibu.

Ningefanya nini, watu wote wamenigeukia mimi? Nikaikaza kamba kama nahodha, nikawatangazia kwamba yanatoka kwa nguvu za mto Ugalla, kwamba yamemfika fundi wetu kifuani, sasa shingoni, kwamba viboko wa Katavi watahamia hapa kabla ya Jumapili, na mimi kwa macho yangu haya nimeona samaki mku—

"Mjomba Enoka," sauti ilipanda kutoka shimoni, "yamefika kwenye vifundo vya miguu."