Gitaa Ambalo Merle Gadbois Hakulisikia

Sharti lilitolewa mezani wakati wa chakula cha jioni, na aliyelitoa ni Merle Gadbois mwenyewe, mbele ya mkewe Nadine na rafiki yake Lyle Kessler. Bendi ya Kokoto ilikuwa ipige Jumapili mchana kwenye mteremko ambao majira ya baridi watu huutumia kuteleza juu ya theluji, si mbali na kwao, kaskazini mwa Vermont. Merle angekwenda. Kila wimbo utakaoanza kabla ya mapumziko angeutambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Akikosa hata mmoja, mwezi wa tisa atakwenda hospitali kupasuliwa sikio la kulia na kuwekewa kifaa ndani. Asipokosa, watu wamwache na masikio yake.

"Na refa ni mimi?" Lyle aliuliza.

Merle aliendelea kukata nyama. Nadine alimgusa mkono, akarudia swali akimwelekea usoni.

"Refa gani! Lyle ni dereva tu. Refa mimi mwenyewe."

"Mwizi na hakimu, mtu mmoja," Nadine alisema, safari hii bila kugeuka, na Merle hakulisikia hilo pia.

Alipokuwa akimsindikiza Lyle mlangoni, Nadine alizungumza kwa sauti ya kawaida. Hapakuwa na haja ya kunong'ona katika nyumba ile. "Usimsaidie, Lyle. Nakujua, huna roho ya kumkatalia. Juzi king'ora cha moshi kimelia jikoni mpaka mbwa akakimbilia nje, yeye kakaa chini yake anasoma gazeti. Usimwonyeshe hata kwa ukucha."

Lyle aliahidi.

Merle ana miaka sitini na mitatu. Tangu amalize shule amefanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kupasua mbao, kwenye mashine ya kunyoosha kingo, ambayo mlio wake husikika hadi upande wa pili wa mto. Vizibo vya masikio alipewa. Alivivaa shingoni kama hirizi, akavipandisha masikioni kila alipofika mkaguzi. Baada ya kazi, mwishoni mwa juma, alikwenda kusimama mbele ya spika kubwa kuliko mlango wa ghala. Daktari alipomwuliza anadhani nini kilimharibia masikio, kazi au starehe, Merle alisema vyote viwili vilishirikiana vizuri.

Daktari huyohuyo hakumficha kitu. Kifaa kitamrudishia sauti za watu, si mara moja, ila baada ya miezi ya mazoezi. Muziki ni jambo lingine. Wengi waliowekewa husema unasikika vibaya. Na usikivu mdogo uliobaki kwenye sikio litakalopasuliwa huenda ukapotea kabisa.

Hapo ndipo Merle alipokwama, na mtu asiyewajua mashabiki wa bendi kama Kokoto anaweza kumwona mkaidi tu. Kokoto hawapigi wimbo mmoja kwa namna moja mara mbili. Wanauimba, wanaacha maneno, kisha gitaa la solo linachanja mbuga na wenzake nyuma yake, na hakuna ajuaye watatokea wapi. Baadaye, ndani ya kichaka hicho, wimbo mwingine unaanza kujitokeza, noti mbili hapa, tatu pale. Raha kubwa ya mashabiki ni kuujua kabla ya jirani. Wenyewe husema kuuita wimbo. Merle aliuita kabla hata ya mpiga dramu. Kwenye maegesho ya magari, watu waliouza mikate ya jibini na fulana walimwita Nabii, na hawakutania.

Lyle, ambaye ni tarishi wa posta, kipaji hicho hana. Yeye hurekodi. Bendi inaruhusu, na rekodi hupeanwa bure miongoni mwa mashabiki, kwa masharti ambayo wao wenyewe wanayalinda kuliko polisi. Warekodi hutengewa uwanja nyuma ya meza ya fundi mitambo, maikrofoni zao zikiwa juu ya nguzo ndefu kama kundi la korongo. Chini ya maikrofoni hakuna kuzungumza. Hakuna kuimba, hakuna mluzi. Katika miaka yao yote pamoja, Lyle na Merle walisimama bega kwa bega kwenye kila tamasha bila kuambiana neno muziki ukiendelea. Badala yake walikuwa na ishara. Kiganja kilichopinda ni "Daraja la Bati". Vidole viwili vinavyokimbia kama kwato juu ya paja ni "Farasi wa Kukodi". Kugusa kiatu ni "Mama Mkwe wa Toledo".

Kwa hiyo Jumapili ile Lyle alivaa miwani myeusi, akashusha kofia hadi kwenye nyusi na kutia mikono mifukoni. Corinne Bechtel, mrekodi kutoka jimbo la jirani, alimtazama juu hadi chini.

"Una baridi, Lyle, au umeiba kitu?"

"Nina baridi."

"Jua hili?"

"We shughulika na nyaya zako, mama."

Bendi ilipanda jukwaani jua likiwa kali. Walianza bila salamu, kama kawaida yao. Merle alisimama miguu imepanuka, mikono kifuani, na muda si mrefu akatoa kiganja kilichopinda. Ilikuwa kweli "Daraja la Bati". Mwimbaji alifungua mdomo baadaye kidogo. Merle alimgeukia Lyle akapandisha kidevu. Lyle alishusha pumzi, kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba hakuja pale kufurahi.

Wimbo ulifika mwisho wa maneno na gitaa likaondoka. Dakika zilipita. Vidole vya Merle vikaanza kukimbia juu ya paja, na ni kweli, ulikuwa "Farasi wa Kukodi". Lakini safari hii Lyle alikuwa akimwangalia yeye na si jukwaa, na aliona kitu ambacho hakukitegemea. Merle hakuwa akimtazama mpiga gitaa. Alikuwa akiwatazama wasichana waliokuwa pembeni, wale ambao huanza kuzunguka kama pia mara tu wimbo huo unaponukia hewani. Walizunguka kwanza. Vidole vilifuata.

Lyle alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Halafu mpiga gitaa alifanya utundu. Alipiga vile vinoti vinne vinavyofungua "Mama Mkwe wa Toledo", wimbo ambao shabiki wa Kokoto hausikilizi bila kuvua kiatu cha kushoto na kukiinua juu. Mteremko mzima uliota viatu. Raba, ndara, buti za mvua, hata kiatu kimoja cha harusi. Merle aliinama akagusa chake, akatabasamu hadi gegoni.

Vinoti vile havikurudi. Mpiga gitaa alicheka na mpiga besi, wakapinda kushoto, wakaingia mahali ambapo hapakuwa na njia. Viatu vilibaki juu kwa muda, vikayumba, vikaanza kushuka kimoja kimoja. Watu walitazamana wakicheka na kuinua mabega. Ulikuwa wimbo mpya. Haujawahi kupigwa popote, na hakuna mtu pale aliyekuwa na jina lake.

Merle hakujua hilo. Alijua tu kwamba viatu vimeshuka. Aliwatazama wasichana, walikuwa wamesimama. Alimtazama Corinne, akamtazama fundi mitambo, kisha akageukia mifuko ya Lyle.

"Wameenda wapi?" alisema.

Alidhani amenong'ona. Warekodi wote waligeuka.

"Shhh!" Corinne alifanya, kidole kikielekea juu kwenye nguzo. "Lyle! Mnyamazishe mtu wako!"

"Lyle, ni upi huo? Toa mikono mifukoni, bwana!"

Lyle Kessler alikuwa mtu ambaye aliwahi kumfukuza mchumba wake mwenyewe chini ya maikrofoni kwa kosa la kupiga chafya. Alitoa mikono mifukoni, akamshika Merle bega, na kusema kwa sauti kamili, karibu na sikio la kulia, "Unasikia nini?"

"Nini?"

"Nimekuuliza unasikia nini!"

"Nasikia dramu."

"Na nini tena?"

Merle alifumba macho. "Kuna kitu kama friji."

"Hiyo ni besi. Gitaa je?"

"Hamna gitaa."

Mpiga gitaa, wakati huo, alikuwa kwenye nyuzi za juu kabisa, peke yake, macho yamefungwa, na watu wengi mteremkoni walikuwa wameacha kucheza ili wamsikilize. Lyle aliangalia jukwaa, akamwangalia rafiki yake, na hakuwa na ishara ya jambo hilo.

Wakati wa mapumziko walipanga foleni ya chakula. Muuza mikate alimwuliza Merle maswali matatu ya haraka na Merle akajibu ndiyo mara tatu, kwa tabasamu la mtu aliyezoea. Akapewa mkate wa jibini uliojaa matango ya siki, ambayo hayapendi tangu utoto. Waliketi kwenye majani, mbali na spika, Lyle akikaa mbele yake ili aonekane midomo.

"Ulikuwa wimbo mpya," Lyle alisema taratibu. "Hakuna aliyeuita. Nabii yeyote angekwama."

Merle aliacha kutafuna. "Mpya kabisa?"

"Kabisa."

"Basi sikukosa!"

"Hukukosa."

"Mwambie Nadine hivyo hivyo. Neno kwa neno."

"Nitamwambia. Nitamwambia na habari za wasichana wanaozunguka?"

Merle alianza kuchomoa matango, moja baada ya jingine, na kuyapanga kwenye karatasi.

"Tangu lini?" Lyle aliuliza. Alilazimika kuuliza tena.

"Solo? Huu mwaka wa pili. Noti za chini nilizisikia mpaka majira ya baridi."

"Mwaka wa pili! Ile rekodi ya solo ya Albany niliyokuletea, ulisema imekuliza."

"Iliniliza."

"Hukuisikia!"

"Ndiyo maana." Merle alipangusa vidole kwenye suruali. "Usinitazame hivyo. Umekaa jikoni kwangu unatikisa kichwa kama mwehu, unanielekeza kwa kidole, hapa, hapa, sikiliza hapa. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia husikii."

"Halafu ungeacha kuniletea."

Lyle hakukana. Shabiki mmoja alijaribu kupitia katikati yao na bia mkononi. Walisubiri apite, kwa sababu Merle asingeona midomo.

"Daktari alisema muziki utakuwaje?" Lyle aliuliza.

"Kama redio iliyoanguka majini."

"Na sasa hivi ukoje?"

"Nimekwambia. Friji."

"Kati ya friji na redio mbovu?"

"Redio mbovu huenda ikanipigia 'Daraja la Bati' vibaya," Merle alisema. "Likiharibika hilo, nitakuwa nimeliharibu mwenyewe. Nalikumbuka lote, Lyle. Kila lilivyopigwa. Nalisikia nikiwa kazini, safi kabisa. Hicho kifaa kikiniingizia kelele juu yake, je?"

Hilo hakuwa amelisema kwa Nadine wala kwa daktari. Lyle alisema tu alichokuwa nacho.

"Sijui. Lakini hao wanaopanda pale baada ya mapumziko watapiga kitu ambacho hukikumbuki. Hakijapigwa bado. Hicho hutakiharibu."

Merle alimwomba arudie. Lyle alirudia yote, polepole, na mara ya pili yalisikika kwake mwenyewe ya kijinga kidogo. Merle alitazama jukwaa, ambako mafundi walikuwa wakikaza dramu, kisha akatoa simu mfukoni, akabonyeza jina la mkewe na kumpa Lyle.

"Mwambie nimekosa."

"Mwambie mwenyewe. Kusema unaweza, ni kusikia kunakokushinda."

Merle aliisogeza simu mdomoni kama mtu anayetaka kuing'ata. "Nadine! Ni mimi! Nimekosa! Wimbo mmoja! Hakuna aliyeujua lakini mimi sikuusikia kabisa, kwa hiyo nimekosa! Panga hiyo tarehe!" Watu waliokaa karibu walitazama kando kwa adabu. Alimrudishia Lyle simu. "Anasemaje?"

Lyle alisikiliza. Upande wa pili Nadine alipenga kamasi.

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

Bendi iliporudi jukwaani, Lyle alikuwa ameshamwomba Corinne aangalie mashine yake. Corinne alikubali, kwa sharti kwamba wawili wale wasionekane tena karibu na nguzo zake. Walibaki pale juu kwenye majani, ambako sauti ilifika imechakaa na watoto wakibiringishana, na ambako mtu angeweza kuzungumza apendavyo.

"Haya," Merle alisema. "Anafanya nini sasa?"

"Amepanda juu."

"Juu wapi? Eleza vizuri, bwana. Miaka yote hiyo unarekodi, hujui hata kusema?"

"Juu kwenye nyuzi nyembamba. Anarudia jambo moja. Analirudia, kila mara anaongeza kidogo."

"Kidogo cha nini?"

Lyle alifikiri. Hakuwahi kulazimika kufikiri hivyo. "Ngoja," alisema, akasikiliza.