Mdomo wa Kikapu

Popote penye foleni, iwe kliniki au kwa mtendaji, Yudith wa Nyololo huenda na kikapu anachosuka. Milulu, nyasi za kusukia, huifunga kwenye kitambaa kilicholowa isije ikakatika. "Mikono mitupu huwaza mabaya," husema.

Leo ameketi nje ya chumba cha upasuaji, Mbeya. Ndani yumo mumewe, Jailos, aliyefukiwa na kifusi machimboni Makongolosi. Hofu imemkaza vidole. Kila mzunguko unabana kuliko uliopita, na mdomo wa kikapu umekuwa mdogo hata ngumi haipiti.

Mlango ukafunguka. Nesi akatoka, akashusha barakoa taratibu.

"Mama, wewe ndiye mke wa Jailos?"

Yudith hakuinua macho.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Nimalizie mzunguko huu."