Mkanda wa Kushoto

“Limeondoka jana!” Bucha alipiga kelele akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki ili ukumbi mzima umsikie. “Haki ya nani, hili dubwana lao limeondoka jana jioni! Mimi niko kwangu nakunywa chai, lenyewe liko njiani linakuja kunipiga! Kengele inalia, limeshanipindua, limerudi, limepumzika, limezeeka!”

“Shuka kwenye kiti,” alisema Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, mtu wa fizikia na filimbi.

“Sishuki! Nikigusa sakafu tu litakuwa limeshanikanyaga!”

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mtu mmoja ndiye hakucheka. Huyo alikuwa Mjomba, mzee mwembamba mwenye koti la kazi, aliyesimama nyuma ya mpwa wake na kuyatazama magurudumu ya roboti kama unavyomtazama mbwa ambaye mfugaji wake amekuambia hang’ati.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila msimu watu wazima, wenye kazi zao na wengine wajukuu wao, hukusanyika kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi ili kupiganisha maroboti. Kila roboti kilo tatu, si zaidi. Yanaingia mawili mawili ndani ya boksi kubwa la plastiki nene inayoonyesha, sakafu yake ya chuma; kengele inalia, yanararuana kwa dakika tatu. Wenyewe wanasimama nje na rimoti, jasho linawatoka kana kwamba wao ndio wanaopigwa. Bucha, ambaye siku za kazi anauza nyama, alikuwa na roboti lenye panga la kuzunguka, akalipa jina la Kinyozi. Mpwa wa Mjomba, binti fundi simu mwenye kovu la mviringo kwenye kidole gumba alikoungua na chuma cha kulehemu, alikuwa na Kobe: bapa, mfupi, mwenye mdomo wa bati wa kupenya chini ya mwenzake na kumbinua. Mchana huo, kwenye nusu fainali, Kobe alimbinua Kinyozi miguu juu kwa sekunde moja tu. Shida ni kwamba sekunde hiyo ilianza kabla ya kengele.

Na kanuni haina huruma. Ukibonyeza kabla ya kengele, umeshindwa. Roboti likienda bila kuamriwa, hilo ni hatari kwa watu, linatolewa nje na haliingii tena.

“Binti, ulibonyeza mapema?” Mwalimu aliuliza.

“Hapana, Mwalimu.”

“Kwa hiyo limejiendea?”

Binti akaitazama rimoti mkononi mwake. Jibu hili shimo, jibu lile shimo. Na kilichokuwa kinatumbukia shimoni ni meza. Mshindi wa siku hiyo alikuwa anapewa meza ya kazi kwenye karakana ya chuo, mwaka mzima, yenye jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kutobolea na ufunguo wake mwenyewe. Kwa sasa binti alikuwa anaunda maroboti juu ya meza ya jikoni ya mama yake, na mama yake, ambaye ni dada mkubwa wa Mjomba, alishatoa tamko: Jumamosi hii ikipita bila hiyo meza ya chuo, vyuma vyote vinakwenda kwa mtu wa chuma chakavu, na yeye anarudishiwa mahali pa kukatia vitunguu.

Sasa tumweleze Mjomba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa ngazi za umeme kwenye jengo la maduka la ghorofa tatu, zile ngazi ambazo wewe unasimama, zenyewe zinakupandisha. Watu hudhani kinachosumbua pale ni ngazi. Wapi! Kinachosumbua ni ule mkanda mweusi wa mpira unaoushika kwa mkono. Ngazi na mkanda vinatakiwa kwenda sawa, na havijawahi kwenda sawa hata siku moja. Mkanda hutangulia kidogo. Umesimama zako, unashangaa mkono unakuacha, unaurudisha, unakuacha tena. Kukaza na kulegeza mikanda hiyo ndiyo yalikuwa maisha yake. Hata siku ya harusi yake aliitwa, akaenda na suti, akarudi na grisi kwenye kola, na marehemu mkewe alimkumbusha kola hiyo mpaka mwaka aliofariki.

Mikanda yote ilimsikia isipokuwa mmoja, wa kushoto, kupanda ghorofa ya tatu. Huo aliukaza, akaulegeza, akaubadilishia roli zinazouzungusha, akautukania mama yake. Ukaendelea kutangulia.

Asubuhi moja, milango haijafunguliwa na ngazi ndiyo kwanza ameziwasha, aliona alama ya kiganja ikipanda juu ya mkanda ule. Alama ya jasho, mbichi, vidole vitano, na kwenye kidole kimoja mstari wa pete pana. Ndani ya jengo hakukuwa na mtu ila yeye. Mjomba, kwa kuwa ni fundi na si mtu wa kukimbia ovyo (maneno yake mwenyewe hayo), alichukua chaki akachora mstari kuizunguka ile alama, kisha akakaa juu ya boksi la vifaa akasubiri. Saa mbili milango ikafunguliwa. Akaingia mama mmoja na kikapu, ana pete pana kama bomba. Akapanda ghorofa ya kwanza, ya pili. Akafika kwenye ngazi ya tatu, akanyoosha mkono wa kushoto, akaushika mkanda. Ndani ya chaki. Kidole juu ya kidole.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Wangesema grisi imempanda kichwani. Ila tangu siku hiyo kila asubuhi aliufuta mkanda wa kushoto kwa tambara, uso ameugeuzia ukutani. Jengo lilipofungwa na ngazi kung’olewa, mikanda mingine ilikwenda jalalani. Huo wa kushoto aliuchukulia mkokoteni, akauviringisha, akaufunga kwa waya, akausukuma uvunguni kwake, maana alihofia mtu asiyeujua asije akautumia. Dada yake alipouona alisema, “Wenzako wakistaafu wanaletewa saa ya ukutani, wewe umekuja na nyoka.”

Miaka minne nyoka akakaa uvunguni. Halafu Kobe akashindwa mapambano mawili mfululizo, yote kwa ugonjwa mmoja: kuteleza. Mota nzima, betri nzima, lakini magurudumu yanazungukia pale pale kama gari kwenye tope.

“Mjomba, wewe mpira unaujua,” binti alimwambia. “Niyavishe nini?”

Wakafanya kazi kama mafundi. Bamba la chuma juu ya meza ya jikoni, Kobe juu ya bamba, magurudumu yamefungwa yasizunguke, mizani ya ndoano nyuma yake. Unavuta mpaka ateleze, unasoma. Soli ya kiatu: kilo moja na nusu; ingedumu milele, lakini kwenye chuma ni sabuni. Tyubu ya baiskeli: kilo mbili na nusu, si haba, ila panga likiigusa mara moja inachanika kutoka huku mpaka kule. Msasa walijaribu wakaacha, Mwalimu hataki sakafu yake ichubuliwe. Silikoni ya kuzibia madirisha waliipaka kwa kidole, wakaiacha ikauke siku nzima: kilo tatu na robo! Binti akaruka. Mjomba akaokota vumbi kidogo la sakafuni, akanyunyiza kwenye bamba, akavuta tena. Kilo moja.

“Inapenda vumbi kuliko inavyopenda chuma,” alisema. “Dakika ya kwanza wewe bingwa, ya pili uko kwenye barafu.”

“Basi hakuna kinachoshika na kinachodumu?”

Mjomba alimtazama dada yake, ambaye alikuwa anakatia vitunguu mapajani huku anawakodolea macho. Akamtazama binti, na kile kidole chake chenye kovu kinachochezea mizani.

“Kipo,” alisema. Lilimtoka tu.

Mkanda wa kushoto ulivuta kilo nne. Kwenye vumbi, nne. Wakaupiga tupa nusu saa mpaka mkono wa Mjomba ukafa ganzi, nne. Mara ya mwisho binti alikuwa ameinama anaandika, kwa hiyo hakuona. Mshale wa mizani ulifika kwenye nne, na Mjomba alikuwa bado hajavuta.

Alijiambia mpira ni mpira. Ukishakatwa vipande, utatangulia nini? Akakata vinne, kila kimoja shubiri, akavibandika kwa gundi ya viatu na kuvikaza kwa skrubu ndogo. Siku ya majaribio binti aliendesha kidogo, akageuka, macho yanang’aa.

“Mjomba, ananielewa huyu! Nikifikiria kulia tu, yeye yuko kulia.”

“Vizuri, mama,” Mjomba alijibu, akaomba maji ya kunywa.

Ndiyo hivyo tukafika kwa Bucha akiwa juu ya kiti.

“Nyamazeni,” Mwalimu alisema. “Tufanye hivi. Kobe awashwe, akae katikati ya sakafu. Rimoti iwekwe hapa mezani, na kila mtu aondoe mikono. Dakika moja. Akienda, yuko nje. Asipoenda, yuko fainali.”

Binti akaweka rimoti, akarudi nyuma, akashika mikono yake mwenyewe. Ukumbi ukatulia mpaka ukasikia feni. Kobe ndani ya boksi, taa yake ndogo inawaka, kimya. Mwalimu macho kwenye saa. Sekunde kumi. Thelathini. Hamsini.

Kobe akarudi nyuma. Taratibu, kiasi cha shubiri, akasimama.

“Hilooo!” Bucha akaruka kwa furaha, akasahau yuko juu ya kiti. Kiti kikamtupa. Alianguka kiubavu, mkono ukaikumba meza, rimoti ikadondoka kifudifudi, kile kijiti chake cha kuendeshea kikagonga sakafu na kulala upande wa kurudi nyuma.

Mwalimu alipoinua macho kutoka kwenye saa, Kobe alikuwa nyuma na rimoti iko chini.

“Umeangusha rimoti!”

“Limeenda kwanza!”

“Limeenda kwa sababu umeangusha!”

“Nimeangusha kwa sababu limeenda!”

“Fainali,” Mwalimu alisema, akapuliza filimbi, na watu wakacheka upya wakimwinua Bucha ambaye alikuwa bado anaapa chini kwa chini.

Binti hakushangilia. Alimbeba Kobe mpaka kwenye meza yao ya pembeni, akatoa tambara na spiriti ili asafishe magurudumu kama kawaida. Gurudumu la kwanza. La pili. Kwenye la tatu mkono wake ukasimama.

“Mjomba, nani ameshika hapa?”

Juu ya mpira mweusi kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya jasho, mbichi. Kidole chembamba. Katikati yake, kiduara kidogo kisicho na mistari, kama mahali palipoungua. Binti akaweka kidole gumba chake pembeni, akalinganisha. Upana ule ule. Kovu lile lile.

“Kama changu,” akacheka kidogo. “Ila mimi leo sijayagusa kwa mkono mtupu. Na angalia, huku juu kimekatika. Changu kizima.”

Ni kweli. Alama ilikuja vizuri mpaka kwenye kovu, na juu ya kovu hapakuwa na kitu. Imekatwa sawasawa, kama kwa panga.

“Fainali, dakika tano!” Mwalimu aliita.

Mjomba alichukua bisibisi akafungua gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kwa mikono ile ya miaka ishirini na miwili. Akayatia yote kwenye mfuko wa koti. Kisha akatoa kwenye mfuko wa pili magurudumu ya akiba, yale ya tyubu, akayapanga mbele ya Kobe.

“Vaa haya.”

“Mjomba! Haya yanachanika! Yule wa fainali ana mapanga mawili, nitaikosa meza!”

“Vaa haya, mama.”

“Kwa nini? Mjomba, niambie. Hiyo alama ni ya nani?”

Mjomba alikuwa ameshageuka. Akapita katikati ya viti, akampita Bucha aliyekuwa anakandwa kiwiko, akatoka kwenye mlango wa ukumbi na kuanza kushuka ngazi za chuo. Ngazi za saruji, hazitembei, na pembeni zina chuma cha kushikilia. Hakukishika. Alishuka katikati kabisa, mikono ameifunga nyuma.

“Mjomba! Ni ya nani?”

Aliendelea kushuka. Mfuko wa koti lake ulikuwa umevutika kwenda mbele, na kila hatua aliyopiga, wenyewe ulikuwa umeshaitangulia.