Mara Mbili Zilizobaki

Wenye ndege walimpachika jina la Bi Kanuni wakidhani wamemtukana. Yeye aliliona kuwa heshima pekee waliyowahi kumpa, tena bila kukusudia. Alikuwa amesomea kazi ya kuongoza ndege. Jicho bovu la kushoto likamnyima mnara, akapewa dirisha la ofisi. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya dirisha hilo katika uwanja mdogo, akiandika kila ndege iliyoruka na kila iliyotua, na kuwatazama wakandarasi na madaktari wa meno wakishuka kwenye vindege vyao vya injini moja kana kwamba upepo wameuzaa wao. Wengi wao, kwa maoni yake, hawakustahili kukabidhiwa hata baiskeli.

Aliyewashinda wote kwa majivuno alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Huyu alikuwa na leseni ya urubani, miwani mitatu ya jua, na kichwa kitupu kama debe. Leseni aliipata kihalali, hilo Bi Kanuni hakumnyima. Lakini kanuni ni nyepesi, hata mtoto angeielewa: rubani wa ndege binafsi hapakii abiria mpaka awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku tisini zilizopita. Akiwa peke yake, aende zake. Shingo ni yake. Shingo za wenzake ndizo zinazolindwa.

Jumamosi moja asubuhi shemeji aliingia ofisini, mkewe na watoto wawili nyuma yake, wamebeba mabegi ya mapumziko. Akasukuma fomu ya safari dirishani. Abiria: watatu.

"Gonga mhuri, shemeji. Jua lisitukute hapa."

Bi Kanuni akafungua daftari. "Umetua mara moja tu ndani ya miezi mitatu."

"Daftari lako lina usingizi. Tazama langu."

Akatoa kitabu chake cha urubani. Humo, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka, palikuwa na safari mbili zaidi za kuruka na kutua, zote za Jumanne iliyopita, uwanja huu huu.

Jumanne ile njia ya kurukia ilifungwa kutwa nzima, mafundi wakiziba mashimo kwa lami. Tangazo alilibandika mwenyewe, na bado lilikuwa mlangoni, hatua mbili kutoka begani kwa shemeji. Alikuwa amelipita kama anavyopita kila kitu kilichoandikwa.

"Jumanne ulitua wapi? Juu ya kichwa cha fundi lami?"

Watoto wakaangua kicheko. Shemeji akageuka, akasoma tangazo, masikio yakamwiva.

Aliyejibu ni mkewe. "Dada, umeanza! Hujawahi kumpenda huyu tangu anioe. Lazima umwaibishe mbele ya watoto?"

"Nataka watoto wafike."

"Sema tu una wivu."

Neno hilo lilimchoma. Ndiye aliyemlea mdogo wake huyu tangu mama yao alipofariki, akimsuka nywele na kumsahihishia hesabu. Akamgeukia mwanamume.

"Uongo huu nitauandikia barua kwa mamlaka ya anga Jumatatu. Leo umebakisha mara mbili. Ruka peke yako, utue, mara mbili, kisha uje."

"Mbili? Kwangu hizo ni kama kupiga chafya."

Familia ikasimama kwenye uzio kumtazama. Mara ya kwanza ndege iligonga lami, ikadunda, ikagonga tena, kama mbuzi aliyekata kamba. Mara ya pili ilishuka kwa kasi, ikapitiliza karibu njia yote, ikasimama gurudumu la mbele likichungulia majani. Shemeji akarudi dirishani akitoka jasho na kutabasamu.

"Mbili hizo. Andika."

Bi Kanuni akaandika, na moyo ukamwanguka. Kanuni aliyoitetea miaka yote haikusema mtu atue vizuri, ilisema atue. Shemeji sasa alikuwa halali. Hapakuwa na kifungu hata kimoja cha kuuzuia mhuri, na mkono wake tayari ulikuwa umeushika.

"Usigonge kwanza," mdogo wake akasema kutoka mlangoni. Uso ulikuwa umempauka kama majivu. "Watoto wanaumwa matumbo."

"Mimi siumwi!" akasema yule mtoto mdogo.

"Unaumwa! Nyamaza." Kisha, kwa sauti laini, akamwambia mumewe, "Baba watoto, wewe tangulia. Sisi tutakuja na basi."

Bi Kanuni akakata neno "watatu", akaandika "hakuna", akagonga. Mwanamume akaondoka na fomu yake bila kuaga.

Mdogo wake akaokota mabegi. "Usidhani nimekusikiliza wewe."

"Sijadhani."

"Na hiyo barua ya Jumatatu..."

"Nitaiandika."

Akasonya, akawashika watoto mikono. Bi Kanuni akainuka kitini, akawatazama mpaka getini, akiwahesabu kimoyomoyo: mmoja, wawili, watatu.