Bwana Alisema Chunga

Wajomba wangu, ninachoandika hapa hakuna atakayekiamini. Hata mimi, ambaye sisemi uongo isipokuwa siku za kazi, ningekuwa ninyi ningecheka na kufunga daftari. Lakini Makuza yu hai. Amekaa hapa karibu yangu kwenye barza, na kila ninapoandika ninamusomea kwa sauti. Yeye ni shemeji yangu, alimuoa dada yangu Kamaliza, kwa hiyo nina ruhusa ya kumucheka, na nitaitumia yote.

Kule juu ya Mweso wazungu wa mashamba walikuwa na klabu yao ya golf. Kwa asiyeijua golf, ni muchezo wa kuzunguka kilima kizima ukifukuza kampira kadogo kwa fimbo, mupaka kaingie kwenye shimo lenye bendera. Kakiisha kuingia unakatoa tena, unaenda kukatafutia shimo lingine. Mashimo yalikuwa tisa, na watu wazima walilipa ili wateswe hivyo kila Jumapili, Siku ya Mungu.

Makuza alikuwa mulinzi na mukata majani wa pale, na kazi hiyo ilimupa nyumba ya bati. Bati, nasema! Sisi wengine tulilala chini ya nyasi tukihesabu matone, yeye alilala akisikia mvua inamupigia ngoma. Shida ni kwamba nyumba ilikuwa ya klabu. Klabu ikifa, Makuza na muke wake na watoto wao wanne wanarudi kuomba kiwanja kwa watu.

Tena alijua kusoma. Mapadri walimufikisha mwaka wa pili, kwa Kiswahili, akazishika herufi zote akaondoka nazo. Kifaransa hakufundishwa. Kifaransa chake alikiokota barabarani, kwenye vibao vya wazungu.

Basi mwaka wa 1957 gripe, yale mafua yenye homa, ikaja. Ilianza kwa wapishi, ikapanda kwa mabwana, na ndani ya wiki mbili barabara yote ya Mweso ilikuwa inakohoa. Leta, yaani serikali, ikakataza watu kukusanyika. Golf ikasimama. Na muzungu asipocheza, halipi.

Siku moja Bwana Nestor, mukubwa wa klabu, akafika na gari lake, kitambaa mudomoni, macho mekundu. Akashuka na kibao na nyundo. Anapiga musumari mara moja, anakohoa mara tatu.

— Makuza, franka hapana. Watu hapana kucheza, watu hapana kulipa. Kama mupaka Noeli hapana franka ya kulipa udongo kwa Leta, sisi nauzisha kwa muzungu wa pareto.

— Na nyumba, Bwana?

— Nyumba ye iko navunja. Iko nalima pareto pahali yote.

Bwana Nestor akapanda gari, akatoa kichwa dirishani.

— Weye chunga. Umesikia? Chunga muzuri!

Akaenda kulala na homa yake.

Makuza akageukia kibao. CLUB, hilo alilijua, aliliona kila siku. Chini yake Bwana alikuwa ameongeza neno moja kwa rangi nyeusi. Makuza akalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi: F, E, R, M, E.

Wajomba, ni nani katika Masisi yetu yote asiyelijua neno ferme? Liko kwenye geti la kila muzungu mwenye ng'ombe. Ferme ni mahali pa maziwa na zizi na kapita, musimamizi mwenye koti. Makuza akasoma tena. Akavua kofia, akasoma mara ya tatu, labda kofia njo ilikuwa inamudanganya. CLUB FERME. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Wazungu wameigeuza klabu kuwa ferme! Na Bwana mwenyewe amesema kwa mudomo wake: chunga.

Akakimbia nyumbani.

— Mama Kamaliza! Nimekuwa muchungaji wa ferme!

— Ferme bila ngombe? dada yangu akamuuliza, bila kuacha kupepeta maharage. Huyo Bwana amekuachia kilima na neno tupu.

— Neno la Bwana njo kazi.

— Basi nenda kwa Papa Sebarenzi. Yeye iko na ngombe na haiko na kilima.

Ilikuwa kweli. Sebarenzi alikuwa mufugaji wa ng'ambo ya kijito, na malisho yake yote mashamba ya wazungu yalikuwa yameyazungushia waya. Makuza alipomueleza, muzee alirudi nyuma hatua mbili.

— Makuza, gripe imekupanda ku kichwa.

— Nimesoma mwenyewe.

— Ngombe zangu ziingie mu majani ya wazungu? Ile wanakata kama nywele? Mi napita pale kila siku, mate inanitoka pahali ya ngombe!

— Maziwa ya asubuhi ni ya klabu, ya mangaribi ni yako. Ferme inataka franka mbele ya Noeli, bila vile tunafukuzwa.

Sebarenzi akatemea mate mukononi, wakapeana.

Kesho yake ng'ombe wakafika langoni. Aliyetangulia alikuwa mweusi mwenye pembe ndefu. Aliweka mudomo kwenye yale majani laini, akainua kichwa ghafula, akamutazama Sebarenzi kama anayeuliza ikiwa ni dhambi. Hakuna aliyemujibu. Basi akala. Hakuinua kichwa tena mupaka jua likawa katikati. Dume moja likaenda kujikuna kwenye bendera ya shimo la tano, bendera ikalala, na dume nalo likalala juu yake. Makuza akaona hayo, akarudi kukisoma kibao tena. Neno lilikuwa palepale.

Wakati huo Mweso nzima ilitafuta maziwa. Mutu mwenye gripe hawezi kula ugali, lakini maziwa ya moto yanashuka. Makuza aliyabeba asubuhi kwa asubuhi, akauzia wenye wagonjwa, na wapishi wa wazungu wakaanza kumusubiri njiani. Mupishi wa Bwana Nestor alichukua chupa mbili kila siku. Kwa hiyo yule Bwana alikuwa chini ya mablanketi matatu akiinywa klabu yake mwenyewe bila kujua!

Franka zote zilikwenda kwa Kamaliza, kwenye mukebe wa biskuti chini ya kitanda. Nilimuomba dada yangu anikopeshe za tumbako tu. Mimi, tumbo moja naye!

— Hii ni ya ferme, alinijibu. Enda ukalime.

Wiki moja mbele ya Noeli, Bwana Nestor, ambaye gripe ilimushukia kifuani, akatoka kitandani. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, anatembea kwa fimbo. Akaja na muzungu wa pareto kumuonyesha uwanja wa kununua. Wakafungua lango, wakasimama.

Ng'ombe walikuwa kila mahali. Wengine wamelala, wengine wanacheua. Ndama mumoja alikuwa amesimama juu ya shimo la kwanza, anafanya humo kile ambacho ndama anafanya.

— Makuza! Nini hii?

— Ngombe, Bwana.

— Mi naona ngombe! Juu ya nini ngombe iko hapa?

— Bwana alisema chunga.

— Chunga lango! Chunga nyumba!

— Lango haiko na miguu, Bwana. Tungeichunga iende wapi?

Muzungu wa pareto akaanza kucheka. Bwana Nestor hakucheka. Makuza akamuonyesha kibao.

— Na pale Bwana aliandika ferme.

Bwana Nestor akakisogelea. Rangi ikamutoka, ikarudi, ikatoka tena. Akatoa kalamu mufukoni, akachora kamustari kadogo juu ya ile E ya mwisho.

— Fermé, akasema polepole. Fermé! Imefungwa! Klabu imefungwa!

Kamustari kale, kafupi kuliko unyusi wa mutoto, njo kalitenganisha mulango uliofungwa na zizi la ng'ombe! Miezi miwili amelisha mifugo kwenye bustani ya wazungu kwa sababu ya kamustari. Akaliona gereza, akaiona nyumba yake inang'olewa bati.

— Bwana, akasema kwa sauti ndogo, siku ile kale kamustari hakakuwa pale.

Na kweli hakakuwapo. Bwana Nestor aliandika huku anakohoa, akakasahau. Naye alijua.

Kamaliza alikuwa amesikia kelele. Akashuka na ule mukebe kichwani, akautua juu ya pua ya gari, akafungua.

— Ya ferme, Bwana. Ya Papa Sebarenzi haiko humu, yeye alichukua maziwa yake ya mangaribi. Hii yote ni ya klabu.

Bwana Nestor akatia mukono, akatoa, akatia tena. Franka za kulipa udongo zilitosha, na mushahara wa Makuza wa miezi ile miwili ulikuwa ndani, na bado mukebe haujaonyesha chini. Bwana akamugeukia yule wa pareto, akamuambia maneno mafupi ya Kifaransa, na yule akavaa kofia yake akaenda kukaa ndani ya gari. Kisha Bwana akamuambia Makuza kwamba nyumba haivunjwi, na kwamba ng'ombe watoke Siku ya Mungu watu wacheze, na kesho yake warudi, maana hakuna aliyewahi kukata majani yale kwa bei rahisi vile.

Na sasa sikieni, wajomba. Yule muzungu mukubwa, mwenye gari, mwenye klabu, akapiga magoti mbele ya dada yangu, palepale kwenye mafi ya ng'ombe, akamushika mikono yote miwili, machozi yakamutiririka mupaka kwenye viatu, akasema, «Mama Kamaliza, tangu leo weye njo mukubwa wa—»

— Shemeji! Makuza ananikatiza. Nani alipiga magoti? Gripe ilikuwa bado mu miguu yake. Alianguka. Mimi njo nilimuinua.