Mtembeza Wageni wa Jumba la Bunge

Mama anayetembeza wageni kwenye Bunge la jimbo letu huegemea kila nguzo anayoieleza, kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Sisi walinzi wa mlangoni tumeizoea sauti yake iliyokauka: moto ulioteketeza jengo la kwanza, kuba la shaba, miti ya mialoni uwanjani, mawe yaliyochongwa na wafungwa. Hayo ya wafungwa huyapitia haraka akisugua kiganja, maana hapo ndipo wageni huanza kupiga miayo.

Jumanne bibi mmoja mweusi, Odessa Pruitt, alimkatiza. "Mwanangu, rudia hapo kwenye wafungwa. Babu yangu alikuwemo. Alifia kwenye machimbo ya mawe haya."

Mama yule akafungua kamba inayozuia watu wasiguse ukuta, akamshika bibi mkono, akampitisha.

"Si hairuhusiwi?" mgeni mmoja akanung'unika.

"Hairuhusiwi," mama akajibu, akavua viatu na kuketi sakafuni.

Bibi akalaza shavu kwenye jiwe, akalia kimyakimya. Redio ya mawasiliano ya yule mama ikakoroma: msimamizi anauliza mbona kundi limekwama.

"Tuko na mwenye nyumba," akasema, akaizima.