Kaburi la Kuzuia Barabara

Shule niliacha darasa la pili, lakini ujanja ninao, ama ndivyo nilivyodhani. Juzi wapimaji wa barabara mpya ya baipasi walipiga kigingi chekundu mbele ya mlango wangu hapa Shirere. Nyumba ikivunjwa, na uzee huu nitaenda wapi?

Kaburi watu huliogopanga. Basi Rosa, mke wangu, alipoenda sokoni, nikazika gogo la mgomba karibu na kigingi, nikarundika udongo na kusimika msalaba. Mgongo wangu bado unalia.

Wapimaji waliporudi wakavua kofia. Mkubwa wao akauliza, "Pole, mzee. Ni nani?"

Jina sikuwa nimepanga! Nikataja la kwanza lililokuja mdomoni. "Ni Rosa, mama watoto."

"Mungu amlaze pema. Basi itabidi tupitishe barabara kando."

Furaha ilinitoa machozi, wao wakadhani ni uchungu. Wakainamisha vichwa, tukaanza kuomba.

Mara kapu likaanguka langoni, mboga za sukuma wiki zikatawanyika.

"Uuuwi! Ni nani amekufa kwangu?"

Mkubwa akageuka. "Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni Rosa, mwenye boma! Baba Shikuku, sema, tumefiwa na nani?"